Uroa na Mstari wa Jimbo

Leo nakuja na jambo ambalo husikika mara moja kwa miaka kadhaa, likapigiwa kelele wiki mbili tatu, kisha likasahauliwa: mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Mipaka hii haina jiwe wala uzio. Mtu anaivuka asubuhi kwa baskeli, tenga la samaki nyuma, na wala hajui kama ameivuka. Lakini ndiyo inayoamua nani atakusemea katika Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, nani atakusemea Bungeni Dodoma, na fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo zitaanzia kisima cha nani. Nitalizungumza nikiwa nimekaa Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, katika Jimbo la Chwaka, kwa sababu naamini huko ndiko mstari unaofuata utakakouma zaidi ukichorwa vibaya.

Tuupime mkoa kwanza. Mkoa wa Kusini Unguja una kilomita za mraba 854. Mjini Magharibi ina 230, Kaskazini Unguja ina 470. Jumlisha mwenyewe hapo ulipo: Kusini peke yake ni zaidi ya nusu ya kisiwa cha Unguja. Sasa tuhesabu watu. Sensa ya Agosti 2022 iliwakuta Unguja watu 1,346,332, na katika hao waliokuwa Mkoa wa Kusini ni 195,873. Maana yake, katika kila watu mia wa Unguja, wanaoishi kwenye ile nusu kubwa ya kisiwa hawafiki kumi na tano. Na katika majimbo 32 ya Unguja, Kusini ina matano: Chwaka, Tunguu na Uzini katika Wilaya ya Kati, Makunduchi na Paje katika Wilaya ya Kusini.

Kwa nini watu ni wachache huko? Panda gari ya shamba, ile ya 214, uende Uroa. Unapita Mwera, unapita Koani, unafika Dunga, pale penye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu. Hadi hapo kuna udongo, kuna miembe na minazi, nyumba zimeshikana. Ukishaiacha Dunga kuelekea Chwaka, nchi inabadilika. Minazi inapungua, mawe yanaanza. Hii ndiyo ardhi ya uwanda, mawe ya matumbawe ya zamani yaliyofunikwa na udongo mwembamba na vichaka. Anayelima hapo hulima kwenye mifuko ya udongo baina ya mawe, akivuna hulihama konde miaka kadhaa lipumzike. Ardhi ya namna hiyo haiwezi kulisha watu wengi mahali pamoja. Ndiyo maana vijiji vya mashariki vimekaa ukingoni mwa bahari, Chwaka, Marumbi, Uroa, Pongwe, na nyuma yao ni kichaka mpaka uchoke. Ongeza juu ya hapo Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, kilomita za mraba 50 za msitu, mikoko na maji ambazo hazina mpigakura hata mmoja.

Basi jimbo la namna hii ni jimbo la nafasi. Mwakilishi wa jimbo la Ng'ambo, pale Mjini, anaweza kulimaliza jimbo lake kwa miguu baina ya sala ya alasiri na magharibi. Wa Chwaka anahitaji gari, mafuta na siku nzima, na bado kuna kijiji atakachokifikia giza limeshaingia.

Sasa nataka nikurudisheni nyuma kidogo, maana mstari wa jimbo hapa kwetu una historia nzito. Julai 1957 ndipo Unguja na Pemba zilipopiga kura ya mwanzo ya kuchagua watu wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa sita tu kwa visiwa vyote. Wapigakura walikuwa wanaume peke yao, tena wa miaka 25 na kuendelea, wenye kutimiza masharti ya elimu au mali. Ng'ambo ilikuwa jimbo, na huko Sheikh Abeid Amani Karume alimshinda Sheikh Ali Muhsin. Na Unguja Kusini ilikuwa jimbo, moja tu, na mshindi wake akawa Sheikh Ameri Tajo wa Makunduchi. Fikiria ukubwa wa eneo lile na barabara za wakati ule, na mtu mmoja ndiye aliyetakiwa awe sauti ya vijiji vyote vya huko.

Januari 1961 viti vikawa 22, na safari hii wanawake nao wakapiga kura. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Kule Chake Chake mshindi alipita kwa kura moja. Kura moja, wasikilizaji. ZPPP ikagawika, wawili wakaenda upande wa ZNP, mmoja upande wa ASP, na hesabu ikasimama kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuweza kuundwa. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya mipaka: likaongezwa jimbo moja Pemba, viti vikawa 23, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule. ASP ikapata 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii ZPPP ilisimama nzima na ZNP. Siku ya kura na siku zilizofuata yakazuka machafuko, na watu 68 wakapoteza maisha yao. Sisemi kwamba jimbo lile moja ndilo lililowaua. Yalikuwapo mengi yaliyokuwa yakitokota. Nasema kwamba pale ambapo nchi nzima inategemea kiti kimoja, anayechora mstari anashika kitu kizito sana.

Kisha ukaja Julai 1963. Majimbo sasa yalikuwa 31. ASP ilipata kura nyingi kuliko wenzake wote kwa pamoja, kiasi cha asilimia 54. Viti ikapata 13. ZNP 12, ZPPP 6, wakaungana, wakaunda serikali, na Desemba 10 wakapokea uhuru. Inawezekanaje chama kipate zaidi ya nusu ya kura na kikose nusu ya viti? Inawezekana kwa sababu ya mipaka. Chama kinaposhinda Ng'ambo na mashamba ya jirani kwa wingi mkubwa, kura zile za ziada hazina pa kwenda. Zinabaki mle mle jimboni. Mwenzake anayeshinda kwa kura chache katika majimbo mengi anavuna viti. Kilichofuata Januari 12, 1964, yaani Mapinduzi, kila mmoja wetu anakijua, na watu wazima miongoni mwetu wanakikumbuka kila mmoja kwa upande wake. Ninachokitaka hapa ni kimoja: tusizungumze mipaka ya majimbo kama jambo la makarani.

Miaka iliyofuata Mapinduzi sitaikalia sana. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980, Katiba ya Zanzibar tuliyonayo ni ya 1984, na mwaka 1995 tukaingia uchaguzi wa vyama vingi tukiwa na majimbo 50. Katiba hiyo, katika kifungu cha 120, inaipa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar kazi ya kuyagawa majimbo na kuyapitia upya kila baada ya muda, na inaweka kiwango: yasipungue 40, yasizidi 55. Ndani ya kiwango hicho tumekwenda mbele na nyuma. Kabla ya uchaguzi wa 2005 Pemba ilipunguziwa majimbo matatu, kutoka 21 hadi 18, na Unguja ikapanda kutoka 29 hadi 32. Mwaka 2015 Unguja ikafika 36 na jumla ikawa 54. Mwaka 2020 tukarudi 50, Unguja 32, Pemba 18, na kwa majimbo hayo 50 ndivyo tulivyopiga kura tena Oktoba 2025.

Katika kupanda na kushuka huko, Kusini haikuongezewa wala haikupunguziwa. Ilibaki na matano. Lakini majina yalihama. Kwenye uchaguzi wa 2010 tulikuwa na Jimbo la Koani na Jimbo la Muyuni. Mwaka 2015 hayakuwapo tena, tukawa na Tunguu na Paje. Mtu wa mbali ataona ni jina tu. Mwenyeji anaona zaidi. Koani ndiyo iliyokuwa makao ya mkoa kwa miaka mingi. Tunguu ndiko zilikokwenda ofisi, ndiko kilikojengwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kile Chuo Kikuu cha Zanzibar, ndiko watu wa Mjini wanakonunua viwanja. Muyuni ni kijiji cha kusini magharibi, cha wakulima na wavuvi. Paje ni pwani ya hoteli. Majina ya majimbo yamefuata mahali fedha na watu walikokwenda. Naona hilo ni onyo kwa vijiji ambavyo havijaitwa.

Tufanye hesabu sasa, na ninakuomba uwe nami, nitaisema polepole. Chukua watu wote wa Zanzibar, gawa kwa majimbo 50, upate wastani wa watu kwa jimbo moja. Kwa sensa ya 2002, watu 984,625, wastani ulikuwa kama 19,700. Kusini kwa majimbo yake matano ilikuwa na watu 94,504, sawa na 18,900 kila jimbo. Chini kidogo ya wastani. Sensa ya 2012: wastani wa Zanzibar 26,000, Kusini 23,100. Chini zaidi. Hapo ingekuwapo hoja ya kusema kwamba Kusini inapendelewa, ina viti vingi kuliko watu wake. Njoo 2022. Wastani wa Zanzibar umepanda hadi 37,800. Wa Kusini umeruka hadi 39,200.

Umeona kilichotokea? Ndani ya miaka kumi, mkoa ambao sote tunauita wa watu wachache umepita wastani wa nchi. Wilaya ya Kati peke yake ilikuwa na watu 76,346 mwaka 2012, na mwaka 2022 ikawa na 132,717. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 74, wakati Zanzibar nzima iliongezeka kwa asilimia 45 na Mjini Magharibi kwa asilimia 50. Shamba limeongezeka kwa kasi kuliko mji.

Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu, kwa hivyo nivumilieni. Watu hawa wapya wa Wilaya ya Kati hawakuja kukaa kwenye mawe ya uwanda. Wengi wao wako upande wa magharibi wa wilaya, upande unaopakana na Mjini. Mji umejaa, umevuka Mwanakwerekwe na Fuoni, umeingia Jumbi, Tunguu, Bungi, unaelekea Dunga. Mtu anaishi Tunguu, anafanya kazi Mjini, watoto wake wanasoma skuli za Mjini, kero yake ni foleni ya asubuhi na maji ya bomba. Kwenye karatasi yeye na mvuvi wa Uroa ni wakaazi wa wilaya moja ya shamba. Kwa maisha yao ni watu wa dunia mbili. Hoteli nazo zimeleta watu pwani, nitalifikia hilo, lakini uzito mkubwa wa idadi uko kule unakoingia mji.

Gawa watu 132,717 kwa majimbo matatu ya Kati: kila moja linabeba kama 44,200. Gawa watu 63,156 wa Wilaya ya Kusini kwa majimbo yao mawili: 31,600. Kwa wastani wa nchi, Wilaya ya Kati inastahili majimbo matatu na nusu. Nusu ya jimbo haipo. Kwa hivyo Tume itakapokaa tena mezani, ama itaiacha Kati na matatu yaliyojaa, ama itaipa la nne, na Katiba inaruhusu kwa sababu 50 haijafika 55. Na katika hali zote mbili, mstari wa ndani ya wilaya lazima usogezwe, maana mizigo haiko sawa. Mstari ukisogezwa kwa kuhesabu vichwa tu, utafanya lililo rahisi: utazikata shehia za magharibi zilizojaa na kuziunga na shehia za mashariki zilizo tupu, mpaka kila jimbo lipate idadi yake. Kwa hesabu ni safi kabisa. Kwa Uroa maana yake ni kwamba mgombea yeyote mwenye akili atapiga kambi upande wa magharibi, kwa sababu kura ziko huko, na pwani ataijia siku ya mkutano mmoja wa kufungia kampeni.

Mimi nasema hivi: ikija zamu ya jimbo la nne, likatwe upande wa mji, na vijiji vya Ghuba ya Chwaka viachwe pamoja katika jimbo lao, hata kama jimbo hilo litakuwa na watu pungufu kidogo ya wastani.

Najua jibu la haraka. Litasemwa kwamba kura ya mtu ni kura, na haifai ya mtu wa Uroa iwe nzito kuliko ya mtu wa Tunguu. Ni hoja ya haki, na nimekwisha kukutajieni mwaka 1963, kwa hivyo siwezi kuipuuza. Mwaka uliofuata, Juni 1964, Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi iliyotoka jimbo la Alabama iliamua kwamba mabaraza ya kutunga sheria yanawakilisha watu, hayawakilishi miti wala ekari. Kule Alabama mambo yalikuwa yamepindukia: yalikuwapo maeneo ya shamba ambayo kura yake moja katika Seneti ya jimbo ilikuwa na uzito wa kura zaidi ya arubaini za mjini. Hilo ni dhulma, na hakuna anayeliomba hapa.

Lakini baina ya usawa wa mizani ya dhahabu na dhulma ya Alabama kuna nafasi pana, na nchi nyingi zimekaa humo bila kuharibikiwa. Waingereza, ambao wao wanabana sana, idadi ya wapigakura wa kila jimbo isitofautiane na wastani wao wa zaidi ya elfu 70 ila kwa asilimia 5, wamevitoa baadhi ya visiwa vyao katika sheria hiyo. Visiwa vya magharibi ya Scotland, Na h-Eileanan an Iar, vina mbunge wao kwa wapigakura kama 21,000 tu, kwa sababu Bunge lilikubali kwamba huwezi kukiunga kisiwa na bara kisha ukadai kwamba mbunge mmoja atavihudumia vyote sawa.

Njoo karibu zaidi, kwa ndugu zetu wa Kenya. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 89, inaruhusu jimbo la mjini au la maeneo yenye watu waliotawanyika litofautiane na wastani kwa asilimia 40, na mengine yote asilimia 30. Majimbo yalipogawiwa upya mwaka 2012 yakawa 290, na wastani kwa sensa ya 2009 ulikuwa watu 133,000 kwa jimbo. Lamu Mashariki, yaani Faza, Kizingitini, Siyu, Kiunga na vijiji vyenzake, ilikuwa na watu wasiofika 19,000. Hata ile asilimia 40 isingeiokoa. Iliokolewa na sharti la mpito lililokataza jimbo lolote lililokuwapo lipotee, na majimbo 27 yasiyofikia kiwango yakasalimika kwa njia hiyo. Tangu hapo Wakenya wanabishana. Tume yao ilitakiwa kumaliza kuipitia mipaka ifikapo Machi 2024, lakini tangu Januari 2023 haikuwa na makamishna, na muda ukapita. Mtu wa Kizingitini anaishi hivyo, akisubiri kujua kama kiti chake kitaendelea kuwapo. Mimi siipendi sana njia ya Lamu, kwa sababu pengo ni kubwa mno na anayelindwa kwa sharti la mpito hulindwa kwa muda. Naitaja ili tuone kwamba wenzetu wamelazimika kulitazama jambo hili mapema, tena kwa maandishi. Na sisi Katiba yetu haisemi idadi tupu. Inaitaka Tume itazame pia namna watu walivyokaa, njia za usafiri na mipaka ya utawala. Mlango uko wazi. Anayetaka kuupita lazima aende na hoja.

Hoja ya Uroa ni bahari. Ghuba ya Chwaka ina mipaka yake ambayo haikuchorwa na Tume yoyote. Wavuvi wa madema wanajua wapi pao, wavuvi wa nyavu wanajua wapi wanakatazwa, na wapi wanakwenda kwa kuibia. Kwa miaka mingi kumekuwa na ugomvi baina ya wavuvi wa Chwaka na wa Marumbi juu ya nyavu za kukokota zinazong'oa majani ya bahari na kuvunja madema, ugomvi uliofika serikalini mara kwa mara. Ugomvi kama huo haumalizwi na mtu asiyejua tofauti ya dema na juya. Unamalizwa, ukimalizika, na mtu anayetegemea kura za vijiji vyote viwili, ambaye hawezi kumfurahisha mmoja kwa kumwacha mwenzake. Vitenganishe vijiji hivyo katika majimbo mawili, na kila mwakilishi atakuwa wakili wa upande wake.

Kisha kuna mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, kule Paje na Jambiani, kikapanda mpaka huku, na wenye kukibeba ni wanawake. Maji ya bahari yamezidi kupata joto, na ule mwani wenye bei nzuri, kotonii, umekuwa ukifa kwenye maji mafupi. Umebaki spinosamu, wa bei ndogo. Kuna wanaosema wahamie maji marefu, lakini huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakufunzwa. Hili ni suala la Barazani kabisa: mikopo, vyombo, mafunzo, bei. Nani atalisimamia kwa miaka mitano bila kuchoka, kama wapigakura wake wengi hawajapata kushika kamba ya mwani?

Uroa imeshaingia hata kwenye vitabu vya wataalamu. Tanja Winther, mtafiti wa Kinorwe, alikaa kijijini na mwaka 2008 akatoa kitabu kizima juu ya namna umeme ulivyobadilisha maisha ya watu wa hapo. Mtu akikisoma anaona jambo ambalo sisi tunalijua kwa uzoefu: waya, bomba na barabara havifiki kijijini kwa sababu kijiji kipo. Vinafika kwa sababu kuna watu waliovifuatia.

Nilisema nitalirudia la hoteli. Sensa humhesabu mtu pale alipolala. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, wafanyakazi wa hoteli za pwani, wengi wao kutoka Tanzania Bara, walihesabiwa walipokuwa, nao wakaingia katika idadi ya shehia za pwani. Wengi wao hawamo katika Daftari la Wapigakura la Zanzibar. Na upande wa pili, vijana wengi waliozaliwa Uroa wanaishi Mjini kwa kazi na masomo, wanahesabiwa Mjini, na mioyo yao iko Uroa, na kila Iddi utawaona kwenye gari. Sheria yetu ya uchaguzi kwa muda mrefu imemtaka mpigakura awe mkaazi wa jimbo. Mwaka 1995 ilikuwa miaka mitano, baadaye ikawa miezi 36. Kwa hivyo idadi ya watu inayochora jimbo na idadi ya wanaopiga kura jimboni ni vitu viwili, na pwani ya hoteli ndiko zinakoachana zaidi. Nadhani Tume ingefanya jambo la maana kama ingezichapisha zote mbili, shehia kwa shehia, kabla ya kuchora chochote, ili mwananchi naye akae na kalamu yake.

Na kuna Pemba. Kwa sensa ya 2022, watu 543,441 wa Pemba kwa majimbo 18 ni kama 30,200 kila moja, na Unguja ni 42,000. Mtu yeyote anayejua kugawa ameshaiona tofauti hiyo, na kitakapofika kipindi cha mapitio itatajwa, na maumivu ya 2005 yatatajwa pamoja nayo. Naomba hilo lisitumiwe kuziba mazungumzo ya vijiji vidogo. Haiwezekani kila safari mipaka ikazungumzwa kama mashindano ya visiwa viwili au vyama viwili, na kijiji cha uwandani kisipate hata dakika kumi za kusema kinamtaka nani awe jirani yake katika jimbo.

Kwa hivyo ninayo maneno kwa watu wa Uroa, Marumbi, Pongwe, Chwaka, na ng'ambo ya ghuba, Charawe na Ukongoroni. Tume huja kuchukua maoni, na ikija haikai. Msisubiri tangazo. Masheha wakutane sasa, waorodheshe yale wanayoshirikiana: maeneo ya kuvulia, skuli, kituo cha afya, njia ya gari, soko la samaki. Waandike shehia zipi zikae pamoja, na kwa nini. Waandike pia lile ambalo wako tayari kulikubali, kwa mfano shehia moja au mbili za ndani, za barabara ya Dunga, ziungwe nao ili idadi ikaribie wastani. Ombi linalokuja na hesabu yake husomwa hadi mwisho.

Na kwa Tume ninalo ombi dogo la utaratibu. Mikutano ya maoni kwa kawaida hufanywa asubuhi, siku za kazi, kwenye makao ya wilaya. Mwanamke wa Uroa mwenye mwani hufanya kazi yake wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na siku hizo haendi popote. Yeye ndiye anayeijua pwani ile kuliko mtu yeyote atakayekaa kwenye meza ya ramani. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe. Njooni Uroa yenyewe, siku za maji mafu, baada ya sala ya adhuhuri, na mje na ramani kubwa inayosomeka kutoka nyuma ya darasa la skuli.